Kuanzisha Kozi ya Fizikia ya Aljebra Katika Chuo cha Jamii Marekani: Mwongozo Kamili

Fizikia ya aljebra ni fizikia ya chuo isiyodai kalkulasi. Chuo cha jamii ni chuo cha miaka miwili, ambako wengi huanzia kabla ya kuhamia chuo kikuu. Wanaoihitaji ni wanafunzi wa biolojia, famasia, tiba ya viungo, radiolojia, usanifu majengo na wale wanaojiandaa kwa udaktari. Kozi ya aina hii ikifa, mara nyingi hufa kwa sababu zilezile. Mwanafunzi anafaulu, anapeleka krediti zake chuo kikuu, kisha anaambiwa zimepokewa kama za ziada tu. Au sehemu ya kwanza inafunguliwa na ya pili haifunguliwi. Au maabara ina vifaa vya vikundi vinne huku wanafunzi wakiwa 24.

Ugumu wa fizikia hauhusiki hapo hata kidogo. Tatizo ni kuanza kazi kwa nyuma: kitabu kinachaguliwa, vifaa vinaagizwa, halafu ndipo mtu anauliza nani ataipokea krediti. Hapa tunaanza na swali hilo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Muda wa miezi 12 hadi 18 kabla ya siku ya kwanza ya darasa. Kamati, bodi na katalogi ya chuo zina tarehe zake, na ukikosa tarehe moja unaweza kupoteza mwaka mzima.
- Watu wanne: mwalimu wa fizikia atakayeandika muhtasari rasmi wa kozi, mkuu wa kitengo mwenye mamlaka ya bajeti, afisa wa makubaliano ya kuhamisha krediti, na mshauri wa wanafunzi. Yule wa nne ndiye husahaulika, ilhali ndiye anayewaambia wanafunzi wajiandikishe wapi.
- Muhtasari wa kozi kama hiyo kutoka vyuo vikuu vitano ambako wanafunzi wenu huhamia kwa wingi.
- Takwimu za ofisi ya usajili za miaka mitatu iliyopita.
- Chumba chenye meza nane za maabara, umeme kwenye kila meza, sinki moja na makabati yanayofungwa kwa ufunguo.

Kitabu hakimo kwenye orodha hii kwa makusudi. Siku hizi kuna vitabu huria vya fizikia ya aljebra visivyolipiwa, na vingi vinatosha. Uchaguzi huo ni wa jioni moja, tena mwishoni.

## Hatua ya 1: Anzia chuo kitakachopokea krediti

Kwa kila chuo kikuu kati ya vile vitano, tafuta majibu ya maswali matatu, yakiwa kwa maandishi:

1. Kozi yetu italingana na kozi yenu ipi, kwa namba?
2. Inahesabika kwa fani zipi? Je, inatimiza sharti la fani, sharti la elimu ya jumla, au ni krediti huru tu, isiyotimiza sharti lolote?
3. Mnagawaje mada kati ya sehemu ya kwanza na ya pili?

Swali la pili ndilo lenye mtego. Chuo kikuu kikisema "tunaipokea" hakijasema kitu bado. Krediti inayoingia kama huru humwacha mwanafunzi akirudia fizikia na kulipa mara ya pili.

Mfumo hutofautiana kwa jimbo, kwa hiyo jifunze wa kwenu kwanza:

- California ina mfumo wa C-ID, yaani namba na maelezo ya pamoja ya kozi. Fizikia ya aljebra na trigonometria ni PHYS 105 na PHYS 110. Mfululizo wa kalkulasi ni PHYS 205, 210 na 215. Muhtasari wenu ukilingana na maelezo ya C-ID, makubaliano na vyuo vingine huwa mepesi. Hifadhidata ya ASSIST huonyesha ni kozi ipi inalingana na ipi.
- Texas ina namba za pamoja za jimbo. Fizikia ya aljebra ni PHYS 1401 na 1402, na tarakimu ya pili ndiyo idadi ya krediti. Ya kalkulasi ni PHYS 2425 na 2426.
- Florida nayo ina mfumo wa namba wa jimbo zima. Fizikia ya aljebra ni PHY 2053 na 2054, ya kalkulasi ni PHY 2048 na 2049. Herufi L mwishoni humaanisha maabara peke yake. C humaanisha darasa na maabara pamoja.

Kama jimbo lenu lina namba ya pamoja, itumie. Kubuni jina lenu zuri la kozi hakuna faida yoyote. Humlazimu tu mtu wa chuo kingine asome muhtasari wote kabla ya kuamua.

Onyo: vyuo vikuu kwa kawaida hutoa krediti kamili kwa mfululizo mmoja tu, wa aljebra au wa kalkulasi. Liweke hilo wazi kwenye katalogi, na mshauri alijue. Mwanafunzi wa uhandisi akiingia fizikia ya aljebra kwa kudhani ni njia ya mkato, atapoteza mwaka.

Umefanikiwa ukiwa na jedwali la mistari mitano, kila mstari una chuo kikuu, namba ya kozi inayolingana na fani zinazoikubali.

## Hatua ya 2: Hesabu wanafunzi halisi

Usihesabu watu wanaopenda sayansi. Hesabu makundi matatu: waliojiandikisha kwenye fani zinazodai fizikia, waliofaulu kemia ya jumla mwaka jana, na waliochukua fizikia chuo kingine huku wakiwa wanafunzi wenu. Kundi la tatu huonekana kwenye nakala za matokeo zinazoletwa kutoka nje, na ndilo ushahidi wenye nguvu kuliko yote mbele ya mkuu wa kitengo: hawa tayari wanahitaji kozi, na wanaondoka kuitafuta.

Kila chuo kina idadi ya chini ambayo darasa likiwa pungufu yake hufutwa. Omba kabla, kwa maandishi, kozi isifutwe kwa mizunguko miwili ya kwanza hata ikiwa pungufu. Kozi iliyofutwa mara moja huwafunza wanafunzi kutoitegemea.

## Hatua ya 3: Panga krediti na saa

Mpangilio uliozoeleka ni krediti 4 kwa kila sehemu: saa 3 za darasa na saa 3 za maabara kwa wiki. Kwa muhula wa wiki 15 hiyo ni saa 45 za darasa na saa 45 za maabara. Kanuni ya serikali kuu kuhusu krediti huchukulia kila saa ya darasa iambatane na saa mbili hivi za kazi ya nje, kwa hiyo muhtasari lazima uonyeshe mazoezi yanayojaza muda huo.

Kuna mambo mawili ya kuamua mapema.

La kwanza ni kama darasa na maabara ni kozi moja au mbili. Zikiwa mbili, mwanafunzi anaweza kufaulu moja na kuanguka nyingine, na ratiba inakuwa nyepesi. Lakini kama vyuo vinavyopokea vina kozi moja, mtafungua mlango wa mwanafunzi kuhama na nusu. Fuateni muundo wa chuo kinachopokea wanafunzi wenu wengi zaidi.

La pili ni namna saa za maabara zinavyohesabiwa kwenye mzigo wa mwalimu. Vyuo vingi huzihesabu chini ya saa ya darasa. Mwalimu akigundua hilo wiki ya kwanza, mtapata maabara iliyofundishwa kwa kinyongo. Zungumzeni kabla.

## Hatua ya 4: Sharti la hisabati

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoangukia, na mara nyingi kosa ni la sharti lililoandikwa vibaya. Neno "aljebra" kwenye jina la kozi huwafanya watu waandike aljebra peke yake kama sharti. Lakini vekta zinadai trigonometria, na vekta huanza wiki ya kwanza.

Mna njia mbili:

- Kudai trigonometria kabla. Ni salama zaidi kwa uhamisho wa krediti, ila hupunguza idadi ya wanaoweza kuingia.
- Kudai aljebra ya chuo, kisha kufundisha trigonometria inayohitajika ndani ya kozi. Inayohitajika hasa ni kidogo: sin, cos na tan za pembetatu mraba, kinyume chake, na Pythagoras. Wiki moja na nusu hutosha, endapo imepangwa kwenye muhtasari badala ya kudokezwa katikati ya somo jingine.

Vyovyote mtakavyochagua, toeni jaribio fupi la hisabati siku ya kwanza. Maswali 15, dakika 30, bila alama. Yawe na mambo haya:

- Kutoa herufi moja kwenye mlinganyo: kutoka v² = v₀² + 2ad, tafuta a.
- Kubadili vipimo: 72 km/h ni m/s ngapi? (Jibu ni 20.)
- Vipeo vya kumi: (3 × 10⁸) ÷ (6 × 10⁻⁷).
- Kusoma mteremko wa grafu pamoja na kipimo chake.
- Uwiano: radiasi ikiongezeka mara mbili, eneo la duara linaongezeka mara ngapi?
- sin 30° kwa kikokotoo.

Swali la mwisho linaonekana la kitoto, lakini hufichua kitu ambacho baadaye huharibu mitihani mizima: kikokotoo kilichowekwa kwenye radiani. Anayepata 0.5 yuko sawa. Anayepata −0.988 abadilishiwe mpangilio hapo hapo.

Aliyekosa zaidi ya nusu hafukuzwi. Aelekezwe kwenye saa moja ya ziada kwa wiki, na kama chuo kinaruhusu, saa hiyo iwe kozi ya kusindikiza yenye krediti 1. Msaada wa hiari usio na nafasi kwenye ratiba huhudhuriwa na wale wasiouhitaji.

Onyo: usipunguze fizikia ili kufidia hisabati. Wanafunzi hawa watafanya mitihani ya kuingia fani za afya pamoja na waliosoma kwingine. Kozi hii haina kalkulasi. Haimaanishi haina ukali.

## Hatua ya 5: Andika muhtasari rasmi wa kozi

Muhtasari ndio waraka utakaosomwa na kamati, jimbo na vyuo vikuu. Uandike kwa ajili ya msomaji asiyekujua na asiye na muda.

Mgawanyo ufuatao unaingia vizuri kwenye wiki 15.

Sehemu ya kwanza: vipimo, vekta na trigonometria (wiki ya 1), mwendo (2–3), kani na sheria za Newton, pamoja na mwendo wa duara (4–6), kazi na nishati (7–8), momenta (9), mzunguko wa vitu na usawa (10), vimiminika (11–12), joto (13–14), kufidia na marudio (15).

Sehemu ya pili: mitetemo, mawimbi na sauti (1–3), umeme tuli (4–5), sakiti (6–7), sumaku (8–9), nuru, vioo na lenzi (10–12), atomi na kiini chake (13–14), kufidia (15).

Angalia mada za mpakani: joto, mitetemo na mawimbi. Vyuo vingine huziweka sehemu ya kwanza, vingine ya pili. Mwanafunzi akisoma sehemu moja kwenu na nyingine kwingine, anaweza kurudia mawimbi na asisome joto kabisa. Jedwali la Hatua ya 1 ndilo litakaloamua mpaka wenu uwe wapi.

Na msiache vimiminika viwe mada ya "muda ukibaki". Kwa mwanafunzi wa afya hiyo ni sura yenye thamani kubwa mno. Mfano mmoja unatosha kumwonyesha: mtiririko laini ndani ya mrija hufuata kipeo cha nne cha radiasi. Mshipa ukipungua radiasi kwa nusu, na tofauti ya kanieneo ikabaki ileile, damu inayopita hushuka hadi 1/16. Hapo uwiano wa kipeo unaacha kuwa hesabu ya ubaoni.

Malengo ya kozi yaandikwe kwa vitenzi vinavyopimika: achore, akokotoe, apime, atetee kwa data. "Aelewe" na "athamini" huwa ndio chanzo cha kamati kurudisha waraka.

Kwa maabara, tumia maeneo sita yaliyopendekezwa na Chama cha Walimu wa Fizikia cha Marekani, AAPT, mwaka 2014: kujenga maarifa, kuunda modeli, kubuni majaribio, ustadi wa vifaa, kuchanganua data, na kuwasilisha matokeo. Muhtasari unaoonyesha majaribio yenu yanagusa eneo lipi huwa na maswali machache ya kujibiwa.

## Hatua ya 6: Mwalimu

Sifa zinazodaiwa kwa kawaida kwa kozi ya kuhamisha ni shahada ya uzamili ya fizikia, au uzamili wa fani ya karibu wenye angalau krediti 18 za fizikia za ngazi hiyo. Hakikisha na chombo cha ithibati cha eneo lenu, kwa kuwa majimbo mengine yana orodha yao. Anayefundisha darasa na anayesimamia maabara wakiwa watu wawili, wakutane kila wiki kwa nusu saa. Maabara iliyotangulia darasa kwa wiki mbili huwachanganya wanafunzi kuliko kutokuwa na maabara.

## Hatua ya 7: Jenga maabara

Kikundi cha watu watatu ndicho kinachofanya kazi: mmoja kifaa, mmoja kompyuta, mmoja daftari, na wanabadilishana. Wanne humwacha mmoja akitazama. Kwa wanafunzi 24 ni vituo nane, na seti tisa. Seti ya tisa ni ya akiba, nayo itatumika ndani ya mwezi wa kwanza.

Vifaa vya sehemu ya kwanza:

- reli za alumini za mita 1.2: 9
- vigari vya msuguano mdogo: 18, kwa sababu migongano inataka viwili
- vihisi mwendo vya mawimbi ya sauti: 9
- vihisi kani: 9
- malango ya mwanga ya kupimia muda: 18
- kompyuta na viunganishi vyake: seti 9
- kapi zenye kibanio: 9
- seti za vyuma vya uzani vyenye kulabu: 9
- mizani za kidijiti zinazosoma hadi 0.1 g: 4 zinatosha
- rula za mita na saa za kupimia muda: 12 na 12

Vifaa vya sehemu ya pili: multimita 12, fyuzi 50 za multimita hizo, vishikio vya betri, waya zenye vibanio, rezista, sumaku, lenzi za fokasi 10 cm na 20 cm, na leza za daraja la 2, yaani zisizozidi miliwati 1. Msinunue leza kali zaidi kwa kudhani zitaonekana vizuri. Zima taa.

Angalau meza moja iwe na uso wenye urefu kati ya sentimita 71 na 86 kutoka sakafuni, na nafasi ya magoti chini yake, ili mwanafunzi wa kiti cha magurudumu afanye kazi mwenyewe. Hicho ndicho kiwango cha ADA, sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, kwa sehemu za kufanyia kazi. Meza nyingi za maabara za kusimama huzidi hapo.

Kisha jaribuni kila jaribio kabla ya wanafunzi. Yafuatayo ni mambo yanayoharibika mara kwa mara, na chanzo chake.

*Kigari na chuma kinachoning'inia.* Kigari cha 500 g kinavutwa na chuma cha 50 g kupitia kapi. Mwanafunzi hugawanya uzito wa chuma kwa masi ya kigari peke yake, anapata 0.98 m/s². Jibu sahihi linagawanya kwa masi zote mbili: 0.49 N ÷ 0.55 kg = 0.89 m/s². Kipimo halisi hutoka chini kidogo ya hapo, sababu ya msuguano. Anayesema "kifaa kibovu" kwa tofauti hiyo ya asilimia kumi amekosea fizikia, na hilo ndilo somo lenyewe; msilifiche kwa kumpa fomula tayari.

*Reli isiyo sawa.* Weka kigari katikati ya reli na ukiachie. Kikitembea, rekebisha miguu ya reli. Bila hatua hii kila mchapuko una kosa la upande mmoja, na kurudia kipimo mara kumi hakuliondoi.

*Kihisi mwendo kinachosoma ovyo.* Vihisi hivi havioni kitu kilicho karibu mno, kwa kawaida ndani ya sentimita 15. Anza mwendo kutoka sentimita 20 au zaidi. Grafu ikiwa na miruko, tazama kama mkono, begi au ukingo wa meza uko kwenye njia ya mawimbi.

*Penduli.* Kamba ya mita 1 hukamilisha mzunguko mmoja kwa takriban sekunde 2.0. Mkono wa binadamu huchelewa karibu sekunde 0.2, kwa hiyo kupima mzunguko mmoja ni kukubali kosa la asilimia 10. Pima mizunguko kumi ugawanye. Kosa linashuka hadi asilimia 1. Mwache mwanafunzi afanye zote mbili aone mwenyewe.

*Rezista zinazoungua.* Rezista ya om 100 ya robo wati ikiunganishwa na volti 6 hubeba wati 0.36. Itanuka, kisha itabadilika thamani kimyakimya na kuharibu data ya kundi linalofuata. Tumieni volti 3, ambapo inabeba wati 0.09 tu. Kwa om 100 na 220 mfululizo, mkondo ni karibu miliampea 9.4, sambamba, karibu 43.6. Andikeni namba hizi kwenye karatasi ya mwalimu.

*Multimita "iliyokufa".* Mtu ameiweka kwenye ampea kisha ameiunganisha sambamba na betri. Fyuzi imekatika. Ndiyo maana tumesema fyuzi 50. Kanuni ya darasa: hakuna betri kuunganishwa hadi mwenzako wa kikundi akague, na ampea hupimwa mfululizo tu.

*Taswira isiyoonekana.* Kwa lenzi ya fokasi 10 cm, umbali kati ya kitu na skrini lazima uwe angalau sentimita 40, yaani fokasi mara nne. Vikundi huweka skrini sentimita 30 na kusogeza lenzi kwa nusu saa bila kupata kitu. Waanze na kitu kwenye sentimita 15 kutoka lenzi. Taswira itatua sentimita 30 upande wa pili, imepinduka, kubwa mara mbili.

Bajeti iwe na mistari miwili, si mmoja: ununuzi wa kwanza, na fungu la kila mwaka la kubadilisha vilivyoharibika. Tungependekeza asilimia 5 hadi 10 ya thamani ya vifaa. Bila mstari wa pili, mwaka wa tatu vituo nane huwa vitano. Vilevile iwe na saa za fundi wa maabara. Jaribio la saa tatu linahitaji takriban saa moja ya kutandika na kukunja, na mwalimu wa muda hatalifanya bila malipo milele.

Umefanikiwa ikiwa mtu asiyeandika maelekezo ya jaribio ameyafuata peke yake na kupata matokeo yanayokubalika ndani ya saa mbili. Ya tatu ni ya maswali.

## Hatua ya 8: Pitisha kwenye kamati

Peleka sehemu ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Hili ndilo shauri tunalolisisitiza kuliko mengine kwenye hatua hii. Sehemu ya kwanza peke yake haimfikishi popote mwanafunzi anayedaiwa mwaka mzima wa fizikia na maabara.

Bahasha iwe na muhtasari, jedwali la vyuo vitano, takwimu za wanafunzi, sababu za kila sharti la awali, orodha ya vifaa na barua ya mkuu wa kitengo kuhusu fedha. Baada ya kamati ya mtaala huja bodi, kisha jimbo inapodaiwa, kisha vyuo vinavyopokea. California, kwa mfano, kozi inaombewa pia nafasi kwenye mpango wa elimu ya jumla wa Cal-GETC, ulioanza muhula wa vuli wa 2025. Fizikia yenye maabara huombewa eneo la 5A (sayansi ya maumbile) pamoja na 5C (maabara).

Onyo: msitangaze kozi kuwa "inahamishika" kabla jibu la maandishi halijafika. Mwanafunzi anapanga maisha kwa neno hilo.

## Hatua ya 9: Ratiba

Weka mezani saa za maabara za kemia ya jumla, kemia hai, na anatomia na fiziolojia. Wanafunzi wenu ni walewale. Fizikia ikigongana na mojawapo, darasa litakuwa tupu na itasemwa hakuna mahitaji.

Sehemu ya kwanza ifunguliwe muhula wa vuli na ya pili machipuo, zote zikiwa zimetangazwa kwa mwaka mzima kabla ya usajili. Kama mnafikiria maabara ya mtandaoni, ulizeni kwanza vyuo vile vitano na programu za afya: baadhi haziipokei. Uigaji wa kompyuta kama ule wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ni mzuri sana kwa maandalizi ya kabla ya maabara. Haujibu swali la reli iliyoinama.

## Hatua ya 10: Pima muhula wa kwanza

Alama za mwisho hazikuambii kama kozi inafanya kazi. Tumia jaribio la dhana za kani lililochapishwa mwaka 1992 na Hestenes, Wells na Swackhamer, lenye maswali 30 katika toleo linalotumika sasa. Litoe wiki ya kwanza na tena mwishoni. Msirudishe karatasi wala kuweka majibu hadharani, la sivyo kipimo kinakufa.

Hesabu ongezeko hivi: alama ya mwisho kutoa ya mwanzo, gawanya kwa 100 kutoa ya mwanzo. Darasa lililotoka asilimia 40 hadi 64 limepata 24 ÷ 60 = 0.40. Uchunguzi wa Hake wa mwaka 1998, uliokusanya wanafunzi 6,542, ulipata wastani wa 0.23 kwa madarasa ya mhadhara wa kawaida na 0.48 kwa yale ambayo wanafunzi hujadili, hutabiri na kupata mrejesho papo hapo.

Mkipata karibu 0.2, msianze kwa kulaumu maandalizi ya wanafunzi. Angalieni kwanza saa 3 za darasa zinatumikaje: ni dakika ngapi mwanafunzi analazimika kutabiri jibu kabla ya kuonyeshwa? Ongezeni maswali mawili ya dhana kwa kila kipindi, wajadiliane wawili wawili, ndipo mwalimu aeleze. Pimeni tena muhula unaofuata kwa jaribio lilelile.

Pamoja na matokeo hayo hifadhini mambo matatu kwenye faili moja: idadi ya walioanza sehemu ya kwanza, waliofika sehemu ya pili, na waliohama krediti zikapokewa kama zilivyoahidiwa. Hilo la tatu litachukua mwaka au miwili kujaa. Mpigieni simu mwanafunzi wa kwanza aliyehama, na muulizeni chuo kipya kimeandika nini kwenye rekodi yake mbele ya jina la kozi yenu. Kama kimeandika krediti huru, rudini Hatua ya 1 na chuo hicho wiki hiyohiyo, kabla kundi la pili halijajiandikisha.